Siku Nne Ambazo Hukuzihesabu

Mzee Mosonik,

Chamge. Najua ungeitikia "chamge mising" hata kama una homa, halafu ungeniuliza kama nimekunywa chai. Nimekunywa. Niko kwa kile kibanda cha mabati cha shamba la tatu, pale ulipokuwa ukitundika koti lako, na nimefika mapema. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi, Chelangat, saa kumi na mbili na nusu, nimevaa gambuti, niko shambani. Cheka tu. Si ulikuwa ukiniambia, "Wewe ulizaliwa jioni, hata jina lako linasema, ndiyo maana asubuhi haikujui." Leo tumejuana kidogo.

Ukungu umeshuka mpaka juu ya majani. Naona mistari mitatu ya chai, ya nne inaonekana nusu, ya tano sijui kama ipo. Manyunyu yanaanguka polepole, hayana haraka ya kwenda popote. Nimekaa kwenye lile debe lako la kupindua, na ninakuandikia kwa kaunta buku yako ya mwisho, zile kurasa ulizoacha tupu. Niliomba ruhusa ya kuichukua. Nitakueleza.

Kwanza ya nyumbani. Mama Kiptoo wako yuko salama. Tangu tukuzike Merigi ile Julai ya baridi, huwa napita kwake Jumamosi. Bado anatoa vikombe viwili, anakumbuka, anakirudisha kimoja kwa kabati. Ile ng'ombe yako yenye madharau ilizaa ndama jike, na huyo ndama ana tabia za mama yake. Wiki iliyopita nilipewa maziwa ya mursik kwa kibuyu chako. Nilikunywa nikiangalia mlango, na haki ya Mungu nilingoja kusikia ukikung'uta matope kwa viatu.

Sasa ya kazini.

Maabara imebadilika, Mzee. Chumba ni kile kile nyuma ya kiwanda, oveni ni ile ile, harufu ya majani yanayokauka haijaondoka. Lakini sasa kila kipimo kinaenda kwa mfumo. Ni kama kabati kubwa ndani ya kompyuta, kila namba ina droo yake. Unaandika tarehe, saa, shamba, joto, uzito wa majani mabichi, uzito wa majani makavu, na jina la aliyepima. Ukikosa droo moja mfumo unakataa kuendelea. Ungeupenda. Una kichwa ngumu kama wewe.

Mfumo ulikuja na msichana anayeitwa Njeri. Wazazi wake wana duka la vifaa vya ujenzi pale Kericho mjini, kazaliwa huko, na Kipsigis anaelewa kuliko anavyokubali. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna takataka inayoingia ndani. Meneja akatuita sote wawili, akasema stoo inatakiwa kuwa wazi kufikia mwisho wa mwezi ujao. Kaunta buku zako zote, thelathini na moja, moja kwa kila mwaka, ziingizwe kwa mfumo. Zile ambazo mfumo utazikubali, zitabaki. Zile ambazo utazikataa, zitachomwa kwa boila pamoja na kuni.

Thelathini na moja, Mzee. Maisha yako yote ya kuamka. Wakulima wa huku kila mwaka wanauliza kama mvua imebadilika au ni wao wamezeeka, na hakuna mtu mwingine wa kuwajibu isipokuwa wewe, asubuhi baada ya asubuhi, hata Jumapili kabla ya kanisa.

Basi nikaanza kuandika. Wiki sita. Njeri alinipatia meza karibu na dirisha, nami nikawa nafungua kitabu, nasoma mstari, napiga namba, nasoma mstari, napiga namba. Baada ya siku kadhaa nilianza kuota nikiwa macho. Kurasa zako zimejikunja kwa kulowa. Kuna alama za kidole cha udongo, kuna madoa ya utomvu wa majani, ukurasa mmoja una kiwavi kilichokaukia hapo, na umeandika kando yake, "Samahani." Nilikuwa nikipiga namba za mwaka ambao sijazaliwa na nasikia baridi ya asubuhi ile. Joto kumi na mbili. Joto kumi na moja na nusu. Mvua ya mawe, majani yametoboka, sampuli imechukuliwa hivyo hivyo. Wakati mwingine Njeri alikuwa akiniita mara tatu ndipo namsikia.

Siku ya kumaliza, tukabonyeza ile sehemu ya kukagua. Mfumo ukafikiria. Halafu skrini yote ikawa nyekundu.

Kila mstari. Kurasa juu ya kurasa, nyekundu. Njeri akasogea, akasoma, akaniangalia kwa huruma. "Chelangat," akasema, "huyu mzee alikuwa akipima usiku?"

Maana wewe, Mzee wangu, uliandika saa kama watu. Saa mbili. Jua limetoka, umande bado uko, ni saa mbili. Ukaandika 2.00, miaka yote, bila kuongeza asubuhi wala nini, kwa sababu ni nani ataenda kuchuma majani ya kupima wakati mwingine? Lakini kompyuta ikisoma mbili, kwake hiyo ni saa nane za usiku. Na mfumo umefundishwa kwamba hakuna mtu anayepima majani saa nane za usiku. Kwa hivyo wewe ulikuwa umebuni. Kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho, umebuni.

Sijui nikuambie vipi nilichokiona hapo. Ningepaswa kucheka. Badala yake nilikuona. Nilikuona ukitembea katikati ya mistari ya chai gizani, na lile koti, na kapu la sampuli, watu wote wamelala, kiwanda kimenyamaza, na wewe unainama, unachuma majani mawili na chipukizi, unayaweka kwa mfuko, unaangalia kipimajoto kwa kukigusa. Huna taa. Hukuhitaji. Miaka thelathini na moja ya usiku, na hakuna hata mara moja uliyojikwaa. Nililia kidogo, Njeri akadhani ni kwa sababu ya kazi kukataliwa.

Nikamweleza. Yeye akaweka mkono mdomoni. Cucu, nyanya yake kule kwao, anahesabu saa hivyo hivyo, akasema, na yeye mwenyewe akiongea na mamake anasema saa mbili, akishika kompyuta anasema nane, na hajawahi kufikiria kwamba anavuka mpaka. "Tunaongeza saa sita kwa kila mstari," akasema. "Ni dakika moja."

Halafu akanyoosha kidole kwa skrini. "Na ona, kuna minne iko sawa. Hapa Aprili. Hii aliandika vizuri."

Mistari minne ya kijani katikati ya hiyo nyekundu yote.

Mzee, ngoja nivute pumzi.

Unakumbuka ule Aprili ulilazwa Longisa na kifua? Siku nne. Siku zote mimi na wewe tulikuwa na mtindo wetu, mimi nasoma kipimo, wewe unaandika, kalamu haikutoka mkononi mwako. Lakini hiyo jioni ukiondoka ulinipatia kaunta buku. Uliifunga kwanza kwa mfuko wa nailoni. Ukaniambia, "Kesho saa mbili, mama. Hata ikinyesha." Uliniita mama, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, sijui chochote.

Na ikanyesha. Ilianza alfajiri, ile mvua ya kupiga mabati mpaka husikii redio. Nikafungua jicho moja, nikavuta blanketi. Sina kisingizio. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na kilio cha mtu. Nililala tu. Nililala vizuri sana, hiyo ndiyo inanichoma, ulikuwa usingizi mtamu. Mchana nikaingia maabara, nikachukua namba zako za wiki iliyotangulia, nikazisogeza kidogo kidogo, hii juu, hii chini, nikaandika. Kesho yake ikanyesha tena. Siku nne. Na kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuo na najiona msomi, niliandika saa kwa kizungu. 8.00. 8.00. 8.00. 8.00.

Kwa hivyo hapo mbele ya Njeri, katika kazi yako yote ya kweli, mfumo ulikuwa umekuita mwongo, na mistari pekee uliyoikubali ilikuwa uongo wangu.

Sikusema kitu. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe huwezi kudanganywa tena. Njeri aliongeza zile saa sita, na nyekundu ikaondoka yote kama ukungu ukipigwa na jua, kila mahali kijani. Yangu minne ilisogea ikawa saa nane mchana, na saa nane mchana mfumo hauna shida nayo. Hakuna mtu angejua. Meneja alikuja akatupa mkono. Alikuwa ameshaniambia, kwa kuwa mkuu wa maabara anaenda kustaafu, jina langu ndilo liko juu. Nikaenda nyumbani na hiyo furaha na sikuweza kula.

Kesho yake Njeri aliniita tena. Kulikuwa na ukaguzi mmoja umebaki. Mwisho wa kila mwezi ulikuwa ukiandika wastani kwa kalamu ya bluu, umeuzungushia duara. Mfumo nao umepiga hesabu yake, na unalinganisha. Miezi yote ilikuwa sawa. Yote, mpaka ile namba ndogo kabisa baada ya nukta, na wewe ulikuwa ukitumia vidole na karatasi ya pakiti ya majani ya chai. Njeri alikuwa akitikisa kichwa kwa mshangao. Mwezi mmoja tu haukulingana. Ule Aprili.

"Mzee alikosea mara moja," akasema. "Si mbaya. Tunaweka ya mfumo, tunaandika hapa kwamba mpimaji alikosea hesabu."

Nikamwambia angoje. Nikachukua kikokotoo, nikaketi sakafuni pale stoo na kitabu chako magotini. Nikajumlisha siku thelathini, nikagawanya kwa thelathini. Haikutoa namba yako. Nikarudia. Haikutoa. Halafu, sijui ni nini kilinisukuma, nikazitoa zile siku zangu nne. Nikajumlisha zilizobaki, nikagawanya kwa ishirini na sita.

Ikatoka. Mpaka ile namba ndogo ya mwisho.

Kumbe ulijua.

Nilibaki hapo nimekaa, na ikanijia ile siku uliyorudi kutoka Longisa. Ulikuwa umekonda, koti limekuwa kubwa. Nikakupatia kaunta buku. Ukafungua ule ukurasa, ukapitisha kidole juu yake, polepole, kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Ukasema, "Karatasi yako ni safi sana, Chelangat." Nami nikafurahi. Mzee, nilifurahi miaka saba. Nilifikiri umenisifu. Nilipokuwa nikifundisha vijana wa chuo wanaokuja kujifunza kazi nilikuwa nikiwaambia, Mzee Mosonik aliwahi kusema karatasi yangu ni safi.

Siku nne za mvua ile, na karatasi kavu. Ilikuwa imenyooka kama imetoka dukani.

Lakini hukuifuta. Hilo ndilo lilinifanya nikae sana pale sakafuni. Ungeweza kuchukua kalamu na kuikata. Halafu nikakumbuka sheria yako ya kwanza, ile ulinifundisha hata kabla ya kunionyesha mizani. "Namba haifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu yake, ionekane bado, halafu unaandika jina lako kando. Jina la aliyekosea, si la mwingine." Mstari huo haukuwa wako wa kupiga. Uliuacha. Uliziacha siku zangu nne hapo zikae, hukuzihesabu, hukuniambia, hukumwambia mtu, na asubuhi iliyofuata ulinigawia chai kutoka kwa chupa yako kama kawaida. Miaka yote tuliyokaa pamoja baada ya hapo, ulikuwa ukiningoja.

Nimechelewa, Mzee. Nimechelewa kuliko nilivyowahi kuchelewa.

Nilienda kwa Njeri nikamwambia yote. Alinisikiliza bila kukata. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ungeniambia ni makosa ya kunakili, ningeamini." Nikamwambia najua. Tukaenda kwa meneja pamoja, hakuniacha niende peke yangu, na hilo sitalisahau. Meneja alisukuma kikombe chake cha chai kando. Akauliza kama kuna siku zingine. Nikasema hakuna, na aliniangalia kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe, kuangaliwa namna hiyo. Nimepewa barua ya onyo, iko kwa faili yangu. Ukuu wa maabara umesimama kwanza. Watatafuta mtu kutoka nje, labda, au watangoja. Sijauliza.

Lakini kuhusu wewe nilipigana. Niliambia meneja, mzee huyu hakukosea hesabu hata mwezi mmoja, na ni mimi ushahidi. Njeri akaingiza wastani wako vile ulivyouandika, kwa ishirini na sita. Kaunta buku thelathini na moja zote zimekubaliwa. Hazichomwi. Zitakaa kwa kabati la chuma pale maabara, ila hii ya mwisho nimeruhusiwa kwanza nimalizie kurasa zake, na ukifungua mfumo, kwa kila mstari, kwenye droo ya mpimaji, kuna jina lako.

Isipokuwa minne. Nilichukua rula, nikafungua ule ukurasa safi, nikapiga mstari mmoja juu ya kila siku. Namba zinaonekana bado. Nikaandika Chelangat, mara nne. Mstari wa tatu umepinda, utaniwia radhi. Kwa mfumo droo hizo ziko tupu, lakini mfumo haukubali droo tupu bila sababu, unakuuliza kwa nini kipimo hakipo. Njeri alisema niandike tu "hali ya hewa". Niliandika, "Mpimaji alilala."

Nilipobonyeza, ukakubali.

Sasa nasikia lori la kwanza likipanda kwenda kiwandani. Ukungu umeinuka kidogo, mstari wa tano naona upo, na wa sita. Manyunyu yamekuwa mvua ya kweli. Kuna mahali nilikuwa nikitaka kukuuliza kama ulikasirika, na nilikuwa nimeacha nafasi ya swali hilo hapa, lakini naona siliulizi tena. Nimekukosa sana, hiyo tu. Nakukosa kwa mizani, nakukosa nikifungua oveni. Nakukosa saa mbili.

Kifaa kipya cha kupima kinakuja, kitasimama katikati ya shamba na kutuma namba peke yake bila mtu. Kikija kije. Lakini nakuahidi hivi: asubuhi ya mvua, mimi nitakuja hapa na miguu yangu, nichume kwa mkono wangu, niandike kwanza kwa karatasi ndipo nipeleke kwa mfumo. Na kijana yeyote nitakayemfundisha nitamwambia habari ya ukurasa safi, vile ilivyokuwa, mpaka mwisho wake.

Saisere, kwaheri Mzee wangu. Lala sasa, ile miaka yote hukulala. Saa yangu inasema bado dakika tano, natoka kwa kibanda nikusomee kipimajoto kama zamani, ila leo mimi nasoma na mimi naandika.

Shamba la tatu. Saa 2.00 asubuhi. Joto kumi na tatu. Mvua. Majani yamechumwa.

Wino unaanza kutapakaa, na ukurasa unajikunja pembeni. Pitisha kidole.